Mzigo wa Kuelewana

Familia ya wahamiaji hutengana kwanza kwa safari. Mume hutangulia na mke akabaki, au wazazi wote wawili huondoka na watoto wakaachwa kwa bibi mpaka mambo yatengemae. Utengano wa namna hiyo unajulikana, na watu huuvumilia kwa sababu wanaamini una mwisho. Upo mwingine unaoletwa na lugha, na huo hauishi kwa kukata tiketi ya ndege. Huweza kumzuia mke asipate viza. Huweza kumtenga mzazi na mtoto wake mbele ya ofisa asiyeelewa neno analoambiwa. Huweza hata kuingia katika nyumba ambayo wote wamo, mama na mwanawe wakawa wanakula sinia moja na hawawezi kuzungumza jambo zito. Mara zote tatu lawama humwangukia yule asiyejua lugha ya mwenyeji. Lawama hiyo haimstahili. Kuelewana ni kazi ya pande mbili, na familia nyingi zimeumia kwa sababu kazi yote alitwishwa mmoja, tena yule mnyonge.

Kisa cha zamani cha Unguja kinalionyesha jambo hili kwa ukamilifu, na kwa kuwa mhusika aliandika mwenyewe yaliyompata, kinafaa kutangulizwa. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini mwa Mji Mkongwe. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto mdogo na kuletwa katika nyumba ya Sultani akiwa na miaka kama saba au minane. Salme anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba mbele ya baba yao ilipasa kuzungumza Kiarabu tu, lakini akishatoka, nyumba ilijaa Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani bila kufundishwa kuandika, hivyo Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Aliyekuwa tayari kuhangaika hivyo kwa ajili ya maandishi hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wasiopenda kujifunza.

Mwaka 1866 alipata mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg aliyekuwa akiishi Unguja, na kwa hofu ya kuuawa akatoroshwa kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Huko alijifungua, akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyohiyo, Mei 30, 1867. Mtoto wao wa kwanza alifariki kabla hawajafika Ujerumani. Aliingia Hamburg bila kujua Kijerumani. Mumewe alikuwa amekaa Unguja miaka mingi na kukijifunza Kiswahili, na katika mji ule mzima yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kuzungumza naye. Hapo panafaa kutazamwa kwa makini. Mwanamke huyu alikuwa amepoteza nchi, dini, ndugu na jina, lakini nyumba yake ilikaa, kwa kuwa mmoja wa wawili wale alikuwa amekwisha kujitwika nusu ya mzigo kabla ya ndoa.

Agosti 1870 Heinrich alikufa katika ajali ya tramu. Binti mkubwa alikuwa na miaka miwili, mtoto wa kiume mwaka mmoja, na wa mwisho alikuwa na miezi michache. Sheria ya Hamburg haikumwachia mjane mamlaka kamili juu ya mali na watoto wake, ikawawekea watoto walezi wa kisheria. Kuanzia hapo mzigo wote ulihamia kwake. Alijifunza lugha, akahama mji baada ya mji kutafuta maisha ya bei nafuu, akafundisha Kiarabu ili apate riziki. Watoto walilelewa kwa Kijerumani, kwani ndiyo lugha ya walezi, ya shule, ya kanisa na ya barabara iliyokuwa mbele ya dirisha.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin. Katika dibaji anasema alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, ambao wakati ule walijua tu kwamba mama yao ni Mwarabu na ametoka Zanzibar, basi. Kitabu hicho husifiwa kama tawasifu ya kwanza iliyochapishwa na mwanamke wa Kiarabu, na sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo, wengi huisoma dibaji haraka na kukimbilia habari za majumba, watumwa na harusi. Huzuni ya kitabu iko palepale penye dibaji: mama alilazimika kuusimulia utoto wake kwa lugha ya ugenini ili watoto wake wa kuwazaa waweze kuusoma. Tena haikuwa mara ya kwanza katika ukoo huo. Jilfidan alizaliwa katika Kicherkesi na binti yake akakulia Kiarabu na Kiswahili. Binti huyo naye akawazaa Antonie na Rosalie waliokulia Kijerumani. Vizazi vitatu vya wanawake, na hakuna mama hata mmoja aliyemlea binti yake katika lugha aliyolelewa yeye. Wa kwanza aliondolewa kwao kwa utekaji, wa pili kwa mapenzi na hofu ya kuuawa. Sababu zinatofautiana sana, hasara ililingana.

Salme alirudi Unguja mwaka 1885 pamoja na watoto wake, kisha tena mwaka 1888. Kaka yake, Sultan Barghash, alikataa kumpokea mara ya kwanza, na aliyemfuata kwenye kiti naye hakumrudishia haki aliyoidai. Alifariki Jena mwaka 1924.

Lau Salme angeolewa Unguja leo na kutaka kumfuata mume Hamburg, huenda asingefika kabisa. Tangu Agosti 2007 sheria ya Ujerumani inamtaka mwenzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya athibitishe kwamba anajua Kijerumani cha A1, ngazi ya mwanzo kabisa, kabla ya kupewa viza ya kuungana na mwenzake. Uholanzi ilikuwa imetangulia: sheria yake ilianza Machi 15, 2006, na mtahiniwa alikwenda ubalozini akafanyiwa mtihani kwa simu, akijibu maswali ya kompyuta iliyokuwa upande wa pili wa waya. Uingereza ilifuata Novemba 29, 2010, ikataka Kiingereza cha kuzungumza na kusikiliza cha ngazi hiyohiyo ya A1.

Kwa aliyesoma sekondari ya mjini, A1 si jambo kubwa. Katika mtihani wa Kijerumani mtahiniwa husikiliza matangazo mafupi ya stesheni na ya dukani, husoma barua fupi na vibandiko, hujaza fomu ya mtu aliyepewa habari zake, na huandika ujumbe wa maneno kama thelathini. Kisha huketi na wenzake mbele ya watahini wawili na kupewa karatasi yenye maneno machache: jina, umri, nchi, mahali anapokaa, lugha, kazi, anachopenda kufanya akipumzika. Kila neno alitungie sentensi. Halafu huambiwa ataje jina lake herufi moja moja, na namba ya simu tarakimu moja moja. Alama 60 kati ya 100 zinatosha kufaulu.

Lakini mtihani huo haumkuti kila mtu mahali pamoja. Mwanamke wa Diani au Mtwapa aliyeolewa na Mjerumani, akaishia darasa la saba, huanza na kazi ambayo mtihani hauihesabu: kurudi kwenye kalamu baada ya miaka ishirini, kujifunza sauti ambazo Kiswahili hakina, na kuzoea maneno yanayorundika konsonanti tatu au nne bila irabu kati yake. Wa Kigoma au Lamu huongeza nauli, malazi ya mji mkubwa na ada ya kozi ya miezi kadhaa, na kama ana watoto, hutafuta wa kukaa nao. Akishindwa, hulipa upya na kungoja upya. Kwa hiyo mtihani uliokusudiwa kupima Kijerumani huishia kupima elimu ya utotoni na uwezo wa mfuko.

Wanaotetea masharti haya wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Serikali ya Ujerumani ilisema ilitaka kuzuia ndoa za kulazimishwa na kuwarahisishia wageni kuzoea maisha mapya. Ni kweli kwamba mwanamke asiyejua lugha ya mji hujikuta mikononi mwa mume, na mume akiwa mkatili, hajui hata aseme nini akipiga simu ya polisi. Hatari hiyo ipo, na kuipuuza kwa jina la kutetea familia ni kumtupa mwanamke huyo. Ila sheria yenyewe inaidhoofisha hoja yake. Wenzi wa raia wa Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Japani, Korea Kusini na Israeli wanaoishi Ujerumani hawadaiwi mtihani, ijapokuwa mke wa Mjapani asiyejua Kijerumani atapotea Hamburg sawasawa na mke wa Kipemba. Uingereza nayo ina orodha ya nchi ambazo raia wake huhesabiwa kuwa wasemaji wa Kiingereza na kusamehewa. Jamaika imo, Trinidad imo, Malta imo. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo, ingawa mahakama za juu, vyuo na nyaraka nyingi za nchi hizo zimeendeshwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi. Mkenya asiye na shahada inayokubalika hulipia mtihani wa lugha aliyofundishiwa hesabu.

Mahakama zimejaribu kupunguza makali. Septemba 2012 mahakama ya juu ya utawala ya Ujerumani iliamua kwamba mwenzi wa raia wa Kijerumani asizuiwe ikiwa amejitahidi kwa mwaka mzima na kushindwa, au ikiwa hali yake haimwezeshi kusoma kabisa. Julai 9, 2015, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba nchi inaweza kuweka mtihani kama ule wa Uholanzi, ila usiwe kizuizi cha kuunganisha familia. Ilitaka umri, kutojua kusoma, kipato na afya vizingatiwe, na ikaona kwamba ada ya euro 350 pamoja na kitabu na vifaa vya euro 110 ingeweza kuwafungia watu mlango. Maamuzi haya ni mazuri, lakini yanamsaidia aliyepata wakili. Asiyempata huendelea kurudia mtihani, na ndoa inaendelea kukaa kwenye simu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Ujerumani tayari ina shule ya wageni ndani ya nchi. Tangu mwaka 2005 inaendesha kozi za kuwazoesha wahamiaji, zenye saa 600 za lugha kwa mpango wa kawaida na nyongeza ya masomo ya sheria, historia na maisha ya nchi. Mwanafunzi wa kozi hiyo akitoka darasani anakuta Kijerumani dukani, kwenye basi, kwa jirani na kwa mumewe. Anajifunza kwa juma moja kile ambacho aliyeko Kigoma anakariri kwa mwezi. Hata kama shabaha ni kumlinda mwanamke dhidi ya mume mkatili, mwalimu anayemwona mara kadhaa kwa juma ni mlinzi bora kuliko cheti alichopata nchi nyingine kabla ya kumjua mkatili huyo nyumbani kwake.

Mtihani wa viza walau humpa mtu muda wa kujiandaa. Mpakani hakuna muda. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliamuru kila mtu mzima aliyevuka mpaka wa kusini bila kibali ashitakiwe jinai, na kwa kuwa mtoto hawezi kufungwa pamoja na mshitakiwa, watoto walichukuliwa. Amri ya rais ya Juni 20 ilisimamisha utaratibu huo, na siku sita baadaye jaji wa San Diego akaagiza familia ziunganishwe ndani ya siku 30, na zenye watoto walio chini ya miaka mitano ndani ya siku 14. Ukijumlisha waliotenganishwa mwaka uliotangulia, watoto walizidi 5,000. Wazazi zaidi ya 400 walikuwa wamekwisha kurudishwa makwao bila watoto wao.

Idadi kubwa ya wazazi hao walitoka nyanda za juu za Guatemala, nchi yenye lugha zaidi ya ishirini za Wamaya. Walizungumza Mam, K'iche' au Q'eqchi'. Kwa maofisa wa mpakani, mtu wa Guatemala ni msemaji wa Kihispania, na wakalimani walioitwa walikuwa wa Kihispania. Wazazi waliletewa fomu yenye kuwataka wachague: kurudi nyumbani na mtoto, au kurudi bila yeye na kumwacha aendelee na ombi lake la hifadhi. Mawakili waliieleza mahakama kwamba wapo waliotia sahihi bila kuelewa walichokichagua. Mzazi aliyetia alama kisanduku kisicho chake alipoteza mwana kwa kalamu yake mwenyewe, na karatasi ikasomeka kwamba ameridhia. Miaka ilipita na mamia ya watoto wakawa bado hawajarejeshwa kwa wazazi wao, kwani hata kuwatafuta wazazi hao milimani kulihitaji watu wanaojua lugha zao.

Msomaji wa Kiswahili asilichukulie jambo hili kuwa la mbali. Katika safari za wakimbizi wa Kongo, Kiswahili ndicho kilichoketi kwenye kiti cha Kihispania. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo, na kutoka huko na katika kambi nyingine kama Kakuma, Nakivale na Kyangwali, maelfu mengi wamepelekwa kuishi Marekani na kwingineko. Katika faili nyingi lugha ya mkimbizi wa Kivu huandikwa kuwa Kiswahili. Kwa kijana aliyekulia kambini ni sahihi. Kwa mama mzee wa kijiji cha Fizi au Minembwe, lugha anayoweza kuelezea kifo na kubakwa ni Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Hata anayekijua vizuri hukijua kwa namna ya Kivu, na mkalimani aliyesomea Kiswahili cha vitabuni huweza kumkosea mambo ya msingi. Katika usaili wa ukimbizi, hitilafu ya tarehe au ya nani alizaliwa na nani huweza kusomwa kama uongo, na mtoto mmoja akabaki nyuma kwa sababu habari zake hazikulingana. Sisi tunaojivunia lugha iliyowaunganisha watu wengi tuna wajibu wa kwanza wa kukiri kwamba haiwafikii wote, na kwamba kumwekea mtu Kiswahili asichokimudu ni kumnyima haki sawa na kumwekea Kiingereza.

Baada ya viza na usaili, familia hukutana, na watu hudhani yamekwisha. Hapo ndipo lugha huanza kazi yake ya polepole. Mtoto wa miaka saba aliyefika Ohio au Malmö hupata lugha ya shule kwa mwaka mmoja au miwili. Mama yake, anayefanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama au usafi wa hoteli, huipata kidogo kidogo na kwa shida, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji maneno. Mtoto huwa mkalimani wa nyumba. Ndiye anayesoma barua ya mwenye nyumba, anayepiga simu kwenye shirika la umeme, anayekaa kati ya mama na daktari. Hospitalini hukuta mambo ambayo kwa desturi ya kwao mtoto hasikilizishwi: ujauzito ulioharibika, ugonjwa wa sehemu za siri, uvimbe unaoweza kuua. Akiogopa, hupunguza maneno ya daktari. Akiona haya, hupunguza ya mama. Kanuni za afya za Marekani za mwaka 2016 zilikataza hospitali kutegemea mtoto mdogo kuwa mkalimani ila panapokuwa na dharura na hakuna mwingine. Ni kanuni njema, lakini haiwezi kufika kwenye foleni ya benki wala kwenye kikao cha wazazi shuleni, ambako mtoto aliyefanya kosa ndiye anayemfasiria mama yake malalamiko ya mwalimu.

Heshima hupinduka kimyakimya. Mzazi anayemtegemea mtoto kuongea na dunia hupata tabu kumkanya. Na kadiri mtoto anavyozidi kuwa hodari wa lugha ya nje, ndivyo ya ndani inavyofifia: kwanza anaelewa na kujibu kwa Kiingereza, kisha anaelewa nusu, kisha anaelewa amri tu, njoo, kula, lala. Lily Wong Fillmore wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha mwaka 1991 utafiti uliohusisha familia zaidi ya 1,000 za wahamiaji na wenyeji wa asili, akaonyesha kwamba watoto waliowekwa mapema mno katika chekechea za Kiingereza walielekea kuiacha lugha ya nyumbani, na mazungumzo kati yao na wazazi yakapungua. Wazazi hukubali hasara hiyo kwa nia njema. Wapo wanaoambiwa waziwazi na walimu wazungumze Kiingereza nyumbani, nao hutii, wakamlea mtoto kwa lugha ambayo hawawezi kumfundishia adabu, kumsimulia hadithi wala kumfariji.

Matokeo yake husikika kwenye simu ya siku ya Idi au Krismasi. Bibi yuko Tanga, mjukuu yuko Minneapolis, uso wa kila mmoja umejaa kwenye kioo cha mwenzake. Mjukuu amefundishwa kuamkia, naye huamkia vizuri: shikamoo bibi. Bibi huitikia marahaba kwa furaha, humwuliza habari za shule, kama anakula, kama baridi ni kali. Mtoto humtazama mama yake. Mama hujibu kwa niaba yake, bibi huuliza jingine, mama hujibu tena, na baada ya dakika mbili simu imekuwa ya watu wazima. Hakuna aliyemkataza mtoto huyo kumpenda bibi yake, na picha zao zinaonekana wazi bila kukatika. Kisichokuwepo ni lugha ya kuulizana.

Jamii ya Waomani wenye asili ya Zanzibar inaonyesha kwamba hali hii haihitaji Ulaya wala Marekani. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliwatawanya wengi wao, na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani wa ng'ambo, maelfu walihamia Muscat kutoka Unguja, Mombasa, Bujumbura na kwingineko. Nchi iliwaita wana wake, nao walifika wakizungumza Kiswahili na Kiingereza kuliko Kiarabu. Elimu yao iliwapatia kazi. Lugha yao iliwafanya waonekane wageni. Nyumba nyingi zilikuwa na bibi wa Kiswahili, wazazi wa lugha mbili, na wajukuu wa Kiarabu cha shule. Kiswahili kimedumu huko zaidi ya nusu karne, katika barza, jikoni na kwenye arusi, kwa sababu walikuwa wengi na waliishi karibu, na kwa sababu wake kwa waume hawakuona haya kukitumia mbele ya watoto. Familia iliyo peke yake katika mji mdogo wa Kanada haina msaada huo.

Ndiyo maana mzigo hauwezi kuachiwa nyumba peke yake. Uswidi ilianza kutumia mwaka 1977 mageuzi yaliyowapa watoto wenye lugha nyingine nyumbani haki ya kufundishwa lugha hiyo katika shule za umma. Utaratibu wa leo unataka wanafunzi wasiopungua watano na mwalimu afaaye, na Kiarabu na Kisomali ni miongoni mwa lugha zenye wanafunzi wengi. Saa chache kwa juma haziwezi kumfanya mtoto awe mshairi. Zinamwonyesha kwamba lugha ya mama yake ina daftari, mwalimu na alama kwenye ripoti, na mtoto huheshimu kile ambacho shule inakiheshimu. Hiyo ni serikali iliyoshika upande wake wa mzigo, kama Heinrich Ruete alivyofanya kwa miaka michache aliyoishi na mkewe.

Yanayodaiwa hapa si makubwa. Mwenzi apewe viza kwanza na darasa baadaye, kwani darasa lipo. Mzazi anayetia sahihi karatasi inayomhusu mwanawe asomewe kwa lugha aliyozaliwa nayo, na mkalimani asipopatikana, karatasi isitiwe sahihi. Shule zisiwashauri wazazi waache lugha yao. Na wazazi wa Kiswahili walioko Ohio, Malmö au Muscat wazungumze Kiswahili na watoto wao tangu siku ya kwanza, hata mtoto akijibu kwa lugha nyingine, hata wageni wakikunja nyuso. Lugha ya shule ataipata tu. Ya nyumbani, wao wasipompa, hakuna mwingine wa kumpa.